Jibu: "que je vienne" lakini "que nous venions"?

Dada wa Mafinga, umeuliza kwa nini kitenzi cha Kifaransa venir (kuja) hubadilika hivyo katika subjonctif, umbo linalokuja baada ya que kwenye sentensi kama "nataka uje". Hapo kuna mashina mawili. Chukua wakati uliopo, ils viennent, kata -ent. Kwenye vienn- ongeza -e, -es, -e, -ent kwa je, tu, il na ils (mimi, wewe, yeye, wao). Kwa nous na vous (sisi, ninyi) anza na nous venons, kata -ons, weka -ions na -iez: que nous venions, que vous veniez. Prendre (kuchukua) vilevile: que je prenne, que nous prenions. Être, avoir, aller, faire, savoir, pouvoir na vouloir vikariri tu.

Sentensi yako ya "Je veux que j'aille à Mbeya" ndiyo inayoangusha wengi huku kwetu, maana Kiswahili kinaruhusu "nataka niende". Kifaransa kinakataa: mtendaji akiwa yule yule, kitenzi cha pili kinabaki bila kunyambuliwa, Je veux aller à Mbeya. Akiwa mwingine, ndipo que inaingia: Je veux que tu ailles à Mbeya.

Espérer (kutumaini) isipokanushwa haifuatwi na subjonctif: J'espère qu'il viendra, kama "natumaini atakuja". Na que nous étudiions (ya étudier, kusoma) ina i mbili. Usifute hata moja.