Maswali ya Wasomaji: Kiwango cha faili la mizani kabla ya msimu wa korosho

SWALI: Sisi ni vijana watatu, kila mmoja na programu yake ya kupimia korosho kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima). Karani akituma faili la mizani ghala kuu, programu ya kule hailisomi, wanaandika upya kwa mkono. Tunataka kiwango kimoja, ila tumeambiwa huchukua miaka. Oktoba tutawahi?
Watengeneza programu, Masasi

JIBU: Mtawahi, mkipunguza mnachoafikiana. Achaneni na mfumo mzima wa stakabadhi ghalani. Andikeni kiwango cha faili hilo moja, kurasa mbili zinatosha.

Ni kweli ISO, shirika la kimataifa la viwango, hupanga miezi 18 hadi 36 kwa kiwango kimoja, maana rasimu hupita kwenye mashirika ya nchi na kura zake. IETF, jumuiya inayotunga viwango vya intaneti, haina ada ya uanachama na rasimu iko wazi kwa yeyote. Mwaka 1992 David Clark, mmoja wa waasisi wa intaneti, alieleza msimamo wao: hawataki wafalme, marais wala kura, wanaamini maafikiano ya jumla na programu inayofanya kazi. Huko nako zipo rasimu zilizosota miaka, tusidanganyane. Cha kuiga ni hiki: pingamizi lazima lijibiwe, lakini si lazima likubaliwe.

Kwenu mmoja ashike kalamu. Rasimu ikae kwenye Git (mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya faili) iliyo wazi, kila hoja iwe na namba, na pingamizi zipokelewe kwa siku 14. Anayepinga alete faili la mfano linaloharibika, "sijaipenda" haitoshi. Mkimaliza jambo kwa simu au WhatsApp, andikeni uamuzi na sababu yake kwenye namba ya hoja, la sivyo mwezi ujao mtabishana upya.

Ubishi utakuwa kwenye vitu vidogo. Tarehe 03/10/2025 mmoja ataisoma Oktoba, mwingine Machi, tumieni 2025-10-03. Programu ikiandika 80,5 kwenye faili linalotenganisha safu kwa koma, ile 5 inahamia safu ya pili na vyote vinavyofuata vinasogea. Kwa hiyo nukta iwe lazima, na mseme wazi kama kilo hizo ni pamoja na gunia au baada ya kulitoa. Namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi, maana Excel hula sifuri ya mwanzo. Halafu kuna majina kama Ng'apa. Simu moja huweka alama iliyonyooka, nyingine iliyopinda. Kwa macho ni mahali pamoja, kwa kompyuta ni pawili, na mkulima anakosekana kwenye orodha ya malipo. Chagueni iliyonyooka, ambayo namba yake ya kompyuta ni U+0027, faili zote zihifadhi herufi kwa mfumo wa UTF-8, na programu igeuze iliyopinda kabla ya kuhifadhi.

Tayarisheni faili 20 za majaribio, 10 sahihi na 10 mbovu. Toleo 1.0 lisitangazwe mpaka programu mbili zilizoandikwa na watu tofauti zisome zile sahihi na kuzikataa mbovu. Zikinakiliana msimbo, kosa la mmoja linapita kwa wote bila kuonekana. Baadaye, kuongeza safu ya hiari ni 1.1, kufuta safu au kubadili maana yake ni 2.0, na hiyo isubiri minada iishe.

SWALI: Tukiweka kila kitu wazi, hatutaibiwa kazi?
Msomaji, Lindi

JIBU: Kiwango ndicho kinachokuwa wazi, programu yako inaweza kubaki yako. Hofia zaidi mshiriki atakayekuja kudai hataza (haki ya kisheria ya ugunduzi) watu wakishazoea kiwango. Kila mchangiaji aandike mapema kwamba hatadai malipo. W3C, wanaotunga viwango vya tovuti, waliweka sera ya namna hiyo 2004. Ila faili za majaribio zisiwe na majina wala simu za wakulima halisi. Hizo ni taarifa binafsi, na sheria ya 2022 inazilinda. Buni majina.