Uhaba, upungufu au ukosefu wa maji?

Msomaji wa Ujiji kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Redioni nasikia kila siku nchi fulani ina uhaba wa maji. Mimi Ziwa Tanganyika naliona nikiwa mlangoni ila bomba siku ya tatu hii kavu, nanunua madumu. Huu niuite uhaba, upungufu au ukosefu?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Huo ni ukosefu. Angalia kitenzi chenyewe, kukosa, ukisema nimekosa basi ina maana basi lilikuwepo tena limeondoka na watu, wewe ndo hukulipata. Ziwa la pili kwa kina duniani liko hapo chini, kwako halijafika, sasa ukiita uhaba unalisingizia ziwa.

Uhaba umetoka kwa haba, yaani kidogo, ile ya haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni kipimo, ndo maana uhaba lazima upimwe. Wataalamu wanachukua maji yanayoingia upya nchini kila mwaka, ya mito na ya chini ya ardhi, wanagawa kwa idadi ya watu. Kipimo hiki kimetokana na kazi ya Malin Falkenmark, mtaalamu wa maji wa Sweden: chini ya mita za ujazo 1,700 kwa mtu nchi imeanza kubanwa, chini ya 1,000 ndo uhaba, chini ya 500 uhaba uliokithiri. Hizo 1,000 ni lita milioni moja, usishtuke, humo kuna maji ya mashamba na viwanda pia.

Ila hesabu hii bomba haiioni! Kuwait iko chini kabisa na bado maji yanatoka, wanatoa chumvi kwenye maji ya bahari. Kongo hapo ng'ambo wana mito ya kutisha, na mamilioni ya watu wao hawana maji safi. Kuwait kuna uhaba, Kongo kuna ukosefu, na ukichanganya maneno unachanganya na dawa.

Upungufu nao unataka ujue kiasi kinachotakiwa. Kisima cha Tabora kikishuka kiangazi, ndoo kumi zikawa nne, huo ni upungufu, na hospitali wako sawa wakisema upungufu wa maji mwilini maana mwili una kiasi chake.

Kwenye barua yako ya malalamiko andika "tunakosa maji siku ya tatu", anayesoma itabidi aulize yamekwama wapi.