SteamOS kwa duka la gemu Malindi

Kaka, umeuliza kama uzihamishe kompyuta za duka lako hapo Malindi kutoka Windows kwenda SteamOS, mfumo endeshi wa gemu wa kampuni ya Valve, uliojengwa juu ya Linux (mfumo endeshi huria). Ilipotoka 2013 ilidoda, gemu zake zilikuwa chache mno. Kilichogeuza mambo ni Proton, programu ya Valve ya 2018: inaendesha gemu za Windows juu ya Linux bila watengenezaji kulazimika kuziandika upya. Steam Deck ya 2022, kompyuta ya gemu ya kushika mkononi ya Valve, imesimama juu ya hiyo. Mimi naona SteamOS itafika mbali.

Lakini vijana wako wanataka mpira, au siyo? EA Sports FC 25 haichezeki huko, programu yake ya kuzuia udanganyifu inaikataa Linux. Fortnite vilevile. Jaribu kwenye mashine moja tu, yenye kadi ya michoro ya AMD. Za Nvidia zitakusumbua.