Kiima na kiarifu katika sentensi za Kiingereza: mdogo wako aanze na kitenzi

Dada, umesema mdogo wako wa Kadutu akipewa sentensi ya Kiingereza atenge kiima na kiarifu, anazungushia duara nomino ya kwanza anayokutana nayo, na mwalimu anamkata alama. Waliotangulia kukujibu wamesema kiima ni mtenda wa jambo. Mimi nafundisha Kiingereza madarasa ya jioni hapa Bukavu, na wanafunzi wanaokuja na kanuni hiyo ndio wanaopotea mapema. Chukua "The goat was sold yesterday." Mbuzi hakutenda lolote, kauzwa tu, lakini kiima ni yeye. Na "The road to Uvira is bad"? Barabara inatenda nini hapo?

Kiima ni ile sehemu ya sentensi ambayo kitenzi kinaitii kwa umoja na wingi. Ndiyo maana nasema asianze kwa kusaka kiima, aanze na kitenzi. Aihamishe sentensi wakati: ya leo iwe ya jana, ya jana iwe ya leo. "My uncle repairs shoes" inageuka "My uncle repaired shoes." Neno lililobadilika ndilo kitenzi. Kisha aulize ni nani au nini kinachohusika na kitenzi hicho, na jibu alichukue zima, si neno moja. Kiima ni "My uncle", si "uncle" peke yake. Kinachobaki chote ni kiarifu, pamoja na "shoes".

Nasema chote kwa sababu maneno ya wakati yanapenda kutangulia. "Every morning the children of our street carry water." Nomino ya kwanza ni "morning", na najua mdogo wako ataizungushia duara. Lakini asubuhi haibebi maji. Kiima ni "the children of our street", na "every morning" ni mali ya kiarifu hata kama imekaa mbele.

Pagumu kweli ni pale kiima kinapokuwa kirefu, na hapo Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko Kifaransa cha shuleni. "The price of beans has gone up." Wengi wanachagua "beans" kwa kuwa iko jirani na kitenzi. Mwambie aiseme kwa Kiswahili: bei ya maharagwe imepanda. Sikiliza hiyo i- ya "imepanda": inafuata bei. Ingekuwa maharagwe tungesema "yamepanda". Vivyo hivyo "One of the children is sick": mmoja wa watoto anaumwa, si wanaumwa, kwa hiyo Kiingereza kinataka "is". Kila siku tunapatanisha vitenzi na viima bila kufikiri, hata mtaani tunaposema "batoto banacheza" kiambishi kipo. Mtoto wa Bukavu ana kipimo hiki mdomoni tangu utotoni, na inanisikitisha kuona hakuna anayemwambia akitumie.

Kiima kikiwa na kishazi ndani yake, yaani kikundi cha maneno chenye kitenzi chake, afunike kishazi hicho kwa kidole. "The women who sell fish near the port know my mother." Funika kuanzia "who" mpaka "port", inabaki "The women know my mother." Sasa amejua mpaka uko wapi: kila kilicho kabla ya "know" ni kiima, pamoja na kile alichokifunika.

Kuna mahali Kiswahili kinadanganya, na lazima alijue hilo. Sisi tunasema "nyumbani kuna wageni", na ku- inafuata mahali. Kiingereza hakifanyi hivyo. "On the table are two books": kitenzi ni "are" kwa sababu ya vitabu, meza haihusiki. Kifungu kinachoanza na "in", "on", "under" au "near" ni nadra sana kuwa kiima.

Kifaransa nacho kina mtego wake. "Il y a" haibadiliki, iwe mashua moja au kumi, basi wanafunzi wetu wanaandika "There is two boats." Inatakiwa "There are two boats", kwa kuwa kitenzi kinafuata "boats". Wanaisimu wengi wanahesabu "there" yenyewe kuwa kiima, kwa hoja kwamba kwenye swali ndiyo inayobadilishana nafasi na kitenzi: "Are there two boats?" Vitabu vingi vya shule vinasema kiima halisi ni "two boats". Kwenye mtihani afuate alivyofundishwa na mwalimu wake, lakini upatanisho asiukosee.

Maswali ayageuze kuwa maelezo. "Did your mother cross the Ruzizi?" inakuwa "Your mother crossed the Ruzizi", na kiima kinaonekana. Amri kama "Close the door" kiima chake ni "you" isiyotajwa. Kingine cha kuangalia anapoandika mwenyewe: kwetu "Amefika" ni sentensi kamili, kiima kimo ndani ya a-. Kiingereza kinadai neno la kusimama mbele, "He has arrived" au "She has arrived". Hata mvua inahitaji: "It is raining." Hapa Kifaransa kinamfaa, maana ameshazoea "il pleut".

Mpe sentensi hii leo jioni: "Near the old market, the mother of two of my friends sells charcoal every evening." Akikujibu "market", mkumbushe ile "near". Akikujibu "friends", muulize hiyo s ya "sells" imetoka wapi. Kisha aiandike upya ikiwa na "the mothers", akuoneshe ni neno gani jingine limelazimika kubadilika. Akikwama, ziandike hapa sentensi zake kama alivyozigawa yeye, usizisahihishe, nizipitie moja moja.