Kuku kaungua nje, ndani bado damu

SWALI: Anti shikamoo. Sisi vijana wa kwaya tunaenda kupiga kambi Lushoto, tutapika kwa kuni na mafiga. Mwaka jana tulichoma kuku, nje mweusi tii, ukipasua paja damu inatoka, na wenzetu kadhaa wakaharisha usiku kucha. Tunakosea wapi?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Mlikuwa na haraka, mkaweka kuku moto ukiwa bado unawaka, ngozi ikaungua kabla joto halijafika mfupani. Kuku anataka makaa. Washeni kama saa nzima kabla, subirini kuni ziishe moshi yabaki makaa mekundu yenye majivu meupe juu, halafu yasogezeni yajae upande mmoja, upande wa pili machache, ili kipande kikianza kubabuka mnakihamishia kwenye moto mdogo kiive taratibu.

Paja lichanjeni mpaka kwenye mfupa. Mkipata kipimajoto cha nyama, kichomekeni palipo nene bila kugusa mfupa, kikisoma nyuzi 74 za Selsiasi kuku kaiva. Hamna? Basi mchemsheni kwanza kwenye sufuria mpaka aive kabisa, kwenye makaa anaenda kutafuta rangi na harufu tu. Kwa kundi kubwa kama lenu mimi ningefanya hivyo bila kujiuliza.

Ila kuhara si lazima kulitoka kwenye damu tu. Lile sinia lililobeba kuku mbichi ndo hilohilo watu wanapakulia aliyeiva, jamani, lioshwe kwa sabuni au mje na la pili! Na mbichi akae kwenye barafu, asizidishe saa mbili nje.

Kuni msivunje manyara kwenye uzio wa watu, utomvu wake ukiingia machoni ni balaa. Mbao zilizopakwa dawa pia hapana. Mafiga msiokote mtoni, jiwe lililonyonya maji likipata moto linaweza kupasuka likarusha vipande.

Sasa hili nawasihi. Lushoto usiku kuna baridi, mtatamani kuingiza jiko la mkaa kwenye hema mpate joto. Msithubutu, hata kama zipu iko wazi! Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, mtu analala haamki. Bebeni masweta na blanketi za ziada, na makaa yote yabaki nje, mwagieni maji, koroga, mwagia tena mpaka majivu yawe baridi ukiyashika.