Ji- Isiyomfaa Mbu

SWALI: Mwanangu wa sekondari ameandika: “Katika mageuzi ya viumbe, mbu hujibadilisha ili dawa ya chandarua isimuue.” Mwalimu amekata “mageuzi”, anataka “mageuko”. Nani yuko sawa? – Mzazi, Langoni, Lamu

JIBU: Mwalimu. Kugeuza huzaa mageuzi, na mageuzi yana mgeuzaji: bunge, chama, serikali. Kugeuka huzaa mageuko, yasiyo na mwenyewe. Wengi huandika mageuzi kwa maana zote mbili, na ugomvi huo nimeuchoka.

Nisilolisamehe ni hilo “hujibadilisha”, ambalo mwalimu amelipita bila hata kulidondoshea wino. Badili ni Mwarabu aliyekwisha kuwa mwenyeji, hana kosa. Kosa ni la hiyo ji- aliyobebeshwa. Ji- humfanya mtenda awe ndiye mtendwa: hujinyoa, hujipaka, hujisifu. Pweza hujibadilisha rangi mwambani, na ji- ni haki yake, kwani ngozi ni yake na kazi kaifanya mwenyewe kabla mvuvi hajamfikia. Mbu kafanya nini?

Permethrini na deltamethrini, dawa za vyandarua, huzuia lango la sodiamu kwenye neva, yaani kijitundu kinachopitisha sodiamu, lisifunge. Mbu hutetemeka, huanguka, hufa. Lango hilo hujengwa kwa maagizo ya jeni. Mahali penye herufi TTA katika maagizo hayo, ile T ya kati ikinakiliwa C, asidi amino ya 1014, kitofali kimoja cha lango hilo, huwa serini badala ya leusini, na dawa haishiki tena barabara. Badiliko hili lilielezwa mwaka 2000 kwa mbu wa Kenya. Makosa ya kunakili hutokea dawa iwepo isiwepo. Hayangoji mbu aogope.

Chukua chekeche, uchekeche unga wa mahamri. Chembe ndogo hupita, kubwa husalia juu. Je, zilizopita zilijisaga ili zipite? Unga wa chini ni laini kuliko ule uliomiminwa, ilhali hakuna chembe hata moja iliyobadilika! Na lau chembe zote zingekuwa sawa, chekeche lisingekuwa na la kuchagua: zingepita zote au zingebaki zote. Tofauti ndiyo mtaji wa kazi nzima. Unga hauzai, basi mfano wangu unakomea hapo; mbu jike aliyepenya chekeche la dawa hutaga mayai 50 hadi 200 kwa mkupuo mmoja, na wanawe wengi hurithi lango lake.

Kwa hiyo “mbu amebadilika” ni kosa, “mbu wamebadilika” ni sawa. Jina lenyewe halionyeshi umoja wala wingi, mzigo wote umebebwa na a- na wa-. Mbu mmoja huzaliwa na lango lake akafa nalo. Kinachobadilika ni umati, kizazi kwa kizazi. Na “ili” nayo itoke, kwani hakuna aliyekusudia.

Mtoto aandike: “Katika mageuko ya viumbe, mbu waliozaliwa na lango lisiloshikwa na dawa husalia na kuzaa, hata wakawa wengi.” Ni ndefu kuliko yake, najua.

Ama wale wasemao mbu “wamezoea” dawa, wiki hii naomba wasiniandikie.