Jibu: Programu inakufa kimya kwenye kisoma vitabu

Ndugu, umesema programu yako ya C inakwenda vizuri kwenye kompyuta, lakini kwenye kisoma vitabu vya kielektroniki inakufa kimya, bila ujumbe wowote. Usianze kuhangaika na msimbo. Ingia kwenye kifaa kwa SSH (njia ya kukiandikia amri kutoka kwenye kompyuta kupitia mtandao) uiendeshe kutoka hapo, maana ukiifungua kwenye menyu, ujumbe wa kosa hauna pa kutokea.

Ukiambiwa “No such file or directory” na faili unaliona kwa macho yako, mara nyingi kinachokosekana ni kipakiaji chake, yaani faili la mfumo linaloipakia programu ili ianze. Kwenye kompyuta andika readelf -l ./programu (amri ya kusoma yaliyomo kwenye faili la programu) uone kipakiaji kinachotafutwa: ld-linux-armhf.so.3 au kile cha zamani, ld-linux.so.3. Kama kifaa hakina hicho, haiwaki kabisa. Hili lilinila siku nzima.

Ikiwaka kisha ikaanguka, kompaili upya kwa -g (inayoongeza taarifa za kutafutia makosa), halafu kwenye kifaa washa gdbserver, inayoiwezesha kompyuta kuichunguza programu kwa mbali kupitia mlango 2345:

gdbserver :2345 ./programu

Kwenye kompyuta fungua gdb-multiarch (programu ya kutafutia makosa) na programu yako hiyohiyo, andika target remote, IP ya kifaa na :2345, kisha continue. Ikianguka, andika bt, nayo itakutajia mstari wenyewe wa msimbo. Raha yake!

Skrini isipobadilika, huenda programu ni nzima: kwa wino wa kielektroniki, kuandika kwenye /dev/fb0 (faili linalowakilisha picha ya skrini) mara nyingi hakutoshi, lazima uombe skrini ijichore upya.